Jiwe la Shamba la Binti

Katika nyumba ile ya Riyadh, chumba cha vitabu ndicho nilichokiacha mwisho kila nikifagia, na sababu ilikuwa jiwe. Lilisimama sakafuni kando ya meza ya kuandikia, jeusi, likinifika karibu na kiuno, na juu kabisa lilichongwa mwezi, jua na nyota. Chini yake palikuwa na watu watatu. Mwanamume mwenye ndevu amemshika mkono binti mdogo, na mbele yao mwanamke ameketi kitini, mikono ameiinua kama anayesema karibuni. Mimi ni mtoto wa kanisa, nimelelewa kwa sala za asubuhi huko Taita. Nilipoona jua na mwezi vimewekwa chumbani kwa watu hivyo, nikajisemea, haya basi, safari yote hii nimekuja kumfulia mganga. Nikawa nalifuta vumbi kwa mbali, kwa ncha ya kitambaa, huku nakemea kimoyomoyo.

Madam wangu alikuwa mjane, mwalimu wa historia ya kale, amefundisha wasichana chuoni mpaka akastaafu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Huyo ndiye kafili wangu, mwenye karatasi zangu zote, ila kazi yake ilikuwa Jeddah, na pale Riyadh tulibaki wanawake wawili na vitabu. Siku moja madam akanikuta nafuta jiwe huku nimegeuza uso pembeni.

"Unaliogopa?"

"Siliogopi, madam. Sijazoea tu mashetani ya mawe."

Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha jikoni, cha chumvi na sabuni na yalla, kwa hiyo sijui hasa nilimwambia nini. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakaa kwenye zulia, mwanamke mzima na elimu yake, akanivuta nikae naye.

"Hili ni jiwe la shamba," akasema.

Jiwe la shamba mimi nalijua. Ningeambiwa ni jiwe la nyota ningekubali, lakini la shamba? Akanieleza polepole, na nilipokwama alionyesha kwa mikono. Watu wa Babeli ndio walioyachonga mawe haya, huko Iraki, zamani kabla ya dini zetu zote. Mfalme akimpa mtu ardhi, huchongwa jiwe, huandikwa mipaka yake na majina ya walioshuhudia, na huwekwa mbele ya miungu yao ilinde kile kipande. Hili lake halikuwa lenyewe hasa, lilikuwa nakala ya plasta, zawadi aliyoletewa na mumewe enzi za uhai wake. Babeli mimi niliijua ya Biblia tu, ya mnara na ya mfalme aliyekula majani. Sikujua kama walikuwa na mashamba ya kugombania.

"Na hawa ni nani?" nikamwuliza.

"Huyu ni mfalme. Na huyu ni binti yake. Anampa shamba, anampeleka mbele ya mungu wao wa kike akashuhudie."

"Binti?"

"Binti."

"Na maneno yake yako wapi?" Maana chini ya picha jiwe lilikuwa limekwanguliwa tupu.

Akasema mfalme mwingine aliwapiga vita, akalibeba jiwe mpaka kwake, na inasemekana huko ndiko maneno yalikofutwa. Picha wakaiacha. Sasa mtu ukilitazama unamwona baba ameshika mkono wa mwanawe, lakini alichompa, wapi kinaanzia na wapi kinaishia, hakuna ajuaye. Mimi nikaanza kulia pale kwenye zulia. Madam akashtuka, akadhani nimeumwa.

Ilibidi nimweleze, na Kiarabu chenyewe kile. Nilikuwa nimerudi kwetu kutoka ndoa mbaya, mtoto wangu wa kike mgongoni, sina mbele wala nyuma. Kaka yangu akasema mwanamke aliyeolewa hana fungu kwa baba yake, arudi alikotolewa mahari. Baba hakumjibu. Asubuhi moja akaita majirani wazee, akamwambia mama alete makaa na vigae vya chungu kilichovunjika, akanishika mkono hapa, penye kifundo, akanitembeza mpaka wote wa kile kipande cha chini, kona moja hadi nyingine, kimya, wazee nyuma yetu. Kwenye kona ya mwisho likachimbwa shimo. Mama akamwaga makaa na vigae, baba akakalisha jiwe juu yake. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Makaa hayaozi. Mtu akihamisha jiwe, wazee huchimba, na makaa husema lilipokuwa. Tena jiwe likishakaa, halinyanyuliwi ovyo. Jembe la kwanza sharti lipigwe na mkono uliomwaga makaa, na mkono huo ulikuwa wa mama.

Hakuna karatasi iliyoandikwa siku hiyo. Ardhi yote ilikuwa bado kwa jina la babu, na neno la baba lilitosha. Baba alifariki kabla sijasafiri, nikamwacha mtoto kwa mama, nikaja Saudia kutafuta cha kumjengea nyumba kwenye shamba letu. Ndivyo nilivyomweleza madam. Akaniambia kuanzia leo jiwe hilo nilifute kwa mkono mzima.

Tukawa marafiki, kama bosi na mfanyakazi wanaweza kuwa marafiki. Nikimaliza vyombo vya mchana alinisomea kwenye vitabu vyake mambo ya mawe yale, hasa laana zake. Lo, wale watu walijua kulaani. Atakayeng'oa jiwe, atakayelitupa mtoni, atakayelizika ardhini lisionekane, miungu imkaushie maji ya mwili, imfutie jina na uzao. Niliyapenda maneno yale, sitasema uongo. Nilimfikiria kaka yangu nikayapenda zaidi. Kulikuwa na laana moja iliyonishangaza, ya mtu atakayemtuma mwingine asiyejua kitu, mpumbavu, kiziwi au kipofu, akaling'oe badala yake.

"Kipofu amefanya nini tena?" nikamwuliza.

"Kipofu hana kosa. Watu waliiogopa laana, wakawa wanamtuma asiyeona. Ndiyo maana waandishi wakaziba na tundu hilo. Laana inamrudia aliyemtuma."

Nikasema hao waandishi walikuwa na ndugu kama wa kwangu. Madam akacheka.

Mwanangu alikufa wakati nikiwa katika nyumba ile. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Jumatatu alikwenda shule, na wiki haikuisha. Ndege, karatasi, ruhusa ya kutoka, yote yalihitaji siku ambazo maiti haingoji. Nilizikiwa mtoto nikiwa nimeshika simu jikoni Riyadh, nasikia waimbaji na upepo. Madam alikuja akakaa sakafuni kando yangu, mgongo kwenye friji, hakusema kitu. Kuna watu wa kwetu waliosema mengi siku zile na hata mmoja simkumbuki, lakini yeye aliyenyamaza namkumbuka.

Mama akanieleza kaburi lilipo, na maneno yake niliyashika kama sala. Tumemlaza kwako, mwanangu, kwenye shamba lako mwenyewe. Ukisimama kwenye jiwe la baba yako, ukaelekeza uso mlimani, unapiga hatua chache tu, unamfikia. Msalaba wa mbao uliwekwa, mchwa wakaula. Kulijengea kaburi kwa saruji kuliningoja mimi, maana kwetu mama mzazi ndiye huweka jiwe la kwanza. Na macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, baadaye yakazimika kabisa. Lakini hata akiwa kipofu alikwenda kupalilia kaburi mwenyewe. Alifuata ua wa mkonge kwa mkono, akapapasa mpaka akalipata jiwe, akageukia mlima kwa kuhisi jua mgongoni, akahesabu hatua zake. Kila Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, nikiwa pale soko la Batha kwenye kelele za mabasi na wauza simu, nilimpigia, naye ananiambia, "Nimetoka kwa mtoto. Ni kusafi." Hilo neno moja lilinibeba wiki nzima.

Madam naye akaanza kupotea. Mwanzo ilikuwa miwani, baadaye jina la marehemu mumewe, mwishowe akaweka viatu kwenye jokofu na kunigombeza mimi nimeviiba. Mwanawe akaamua kumhamishia Jeddah, kwenye fleti yake mtaa wa Nuzha. Vitabu viligawiwa. Siku ya kupakia, kafili alisimama chumbani na simu sikioni, akalionyesha jiwe kwa kidole cha mguu.

"Hilo tupa. Mafi faida, halina kazi."

Yeye hakujua ni nini. Mimi nilijua. Ndiyo shida yangu, hakumtuma mtu asiyejua. Nikalifunga kwa blanketi langu, nikalibeba kama mtoto, nikaingia nalo kwenye gari. Dereva wetu alikuwa kijana wa Nairobi, mdomo hauna kufuli.

"Mathe, hiyo umefunga kwa blanketi ni nini, na mbona iko na pembe?"

"Ni jiwe la shamba."

"Unatoka Riyadh mpaka Jeddah na jiwe? Kwani Jeddah mawe imeisha?"

Nikamwambia aangalie barabara. Njia nzima alikuwa ananichungulia kwenye kioo, na kila tukisimama kujaza mafuta ananiuliza kama mgonjwa wangu wa blanketini amekunywa maji. Madam amelala kando yangu, kichwa kwenye bega langu, jiwe mapajani. Kafili alipoliona Jeddah alivuta midomo tu akaenda zake.

Simu ya mama ilinikuta Jeddah alasiri moja, napiga pasi thobe, zile kanzu nyeupe za kafili. Haikuwa Ijumaa, na mama hakuwahi kunipigia yeye. Nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, jiwe lako halipo."

"Halipo vipi, mama?"

"Nimepapasa. Nimepapasa tangu asubuhi. Halipo."

Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeling'oa."

Nilizima pasi. Akanieleza yote, bila kulia, na ningependelea alie. Wapimaji wa serikali walikuwa wanakuja kupima mashamba, kila mtu apate hati yake. Kaka yangu akamwambia mama kuna jiwe la zamani kando ya zizi la mbuzi, linaziba njia ya gari la wapimaji, na kwa kuwa mama ndiye mkubwa aliyebaki, mila inataka apige jembe la kwanza. Akamshika mkono. Akampitisha kwa jirani, akamrudisha kisimani, akampandisha, akamteremsha, mpaka mama hakujua tena kama anaelekea mlimani au bondeni. Wazee walikuwapo, wamesimama wanangoja. Wao walidhani mama anajua. Akapewa jembe, akapiga pigo moja ardhini, akasema maneno ya kulifungua jiwe, watu wakamalizia kulichimbua. Hakuligusa. Angeligusa tu kwa kiganja angelijua. Akashikwa mkono tena akarudishwa nyumbani kunywa chai.

Nilitazama jiwe la madam lilipoegemea ukuta, nikamwona mfalme na binti yake. Mwanamume amemshika mwanamke mkono, anamwongoza mahali, mbele ya mashahidi. Baba alinishika hivyo kunipa, na kaka akamshika mama hivyo hivyo kuninyang'anya. Sijawahi kukasirika vile maishani. Halafu nikawasha pasi tena, nikamaliza zile thobe, maana kafili alikuwa na mkutano.

Kufikia hapo shamba halikuwa ndilo lililoniuma. Mngeniambia lichukuliwe lote mradi nibaki na pale alipolala, ningesema haya, chukueni. Lakini kaburi lile sikuwahi kuliona kwa macho. Nililijua kwa jiwe tu, na kipofu mmoja. Nikamwambia kafili, bosi, nataka ruhusa niende kwetu. Akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha, akasema baada ya Hajj, mama yake hakubali mkono wa mwingine, atakula vipi? Alikuwa na haki yake kidogo, nakiri, lakini nilimchukia. Aliyenifungulia ni madam. Alikuwa hajasema la maana kwa siku nyingi, siku hiyo tukiwa mezani akamgeukia mwanawe, sauti ile ile ya darasani.

"Mpe njia. Anakwenda kuangalia jiwe lake."

Mwanawe akaniangalia, hakuelewa. Lakini mama mzazi amesema, karatasi ikatoka.

Kabla ya safari nilikwenda mtaa wa Baghdadiyah kwa fundi wa marumaru, Myemeni mmoja anayekata mawe ya kuwekea sinki. Nikamwomba kipande kidogo cheupe, anichongee jina la mwanangu kwa herufi zetu, na ua moja. Nilimwandikia jina kwenye karatasi. Sikuweka tarehe, sikuweka amelala hapa, jina tu. Huku Saudia makaburi hayaandikwi, kwa hiyo fundi alidhani ni kibao cha mlango wa chumba cha mtoto. Akanitakia furaha na nyumba mpya. Nikamshukuru.

Kaka alikuja kunipokea stendi. Akabeba begi langu lenye jiwe ndani, akasema, zito hili, umeleta nini. Kaka yangu si shetani, na hilo ndilo linalonichosha. Ndiye aliyebeba jeneza la mwanangu begani. Njiani alizungumza habari za mvua, hakunitazama usoni hata kidogo.

Shamba langu lilikuwa limezungushiwa seng'enge. Kaka alikuwa amemuuzia mtu wa kujenga maduka, trekta limeshapita, ua wa mkonge umeng'olewa, ardhi imesawazishwa juu mpaka chini. Nikamwambia mama tukatafute makaa. Si baba aliweka makaa ili yaseme? Nikachimba kwa jembe pale nilipodhani, nikayapata makaa. Nikafurahi mpaka nikapiga magoti. Nikachimba kando kidogo, nikayapata tena. Nikachimba kule mbali, tena. Walikuwa wamechoma vichaka vyote kabla ya trekta, makaa yalikuwa kila mahali. Nilikaa kwenye udongo ule mikono meusi, mama amesimama juu yangu anauliza, "Umeyaona? Umeyaona?"

Kaka akaja mbio. "Kaburi sijaligusa," akasema. "Naapa. Mpaka wa kuuza niliupitisha chini ya kaburi. Liko hapa, upande wetu." Akasimama upande wa juu wa seng'enge, pahali tupu penye nyasi changa.

Mama akapiga magoti, akapapasa nyasi zile, akainusa ardhi. "Si hapa," akasema. "Ni chini zaidi. Ni ndani ya ua wa yule mtu." Akanyoosha mkono kuonyesha. Nikamwongoza akasimama mahali pengine, akaonyesha tena, na mkono ukaelekea kwingine. Tulijaribu hivyo mpaka akakaa chini. Bila jiwe hakuwa na pa kuanzia. Jirani aliyekuwa mazishini naye akaonyesha pake. Kila mtu alikuwa na hakika.

Kesi ilipelekwa kwa chifu, mbele ya wazee. Wakasema mkono uliomwaga makaa ndio uliopiga jembe, kwa hivyo mpaka umefunguliwa kihalali, mambo yamekwisha. Kulikuwa na njia moja. Mama asimame mbele ya baraza, ashike udongo wa shamba, ale kiapo kwamba aliongozwa kwa hila. Akishakula kiapo, mpaka unarudi ulipokuwa, muuzaji na mnunuzi wajuane wenyewe. Lakini kiapo cha udongo hakitoki mdomoni kikapotea hewani. Aliyefanya hila kitamfuata, yeye na kizazi chake. Kule kwetu hata walokole hawakichezei.

"Nitaapa," mama akasema. "Nimeshazeeka, sina la kuogopa."

Nami nilitaka aape. Nilikuwa nimebeba laana za Babeli kichwani miaka yote ile, nikizisoma kama mtu anayesoma bei za vitu atakavyonunua siku moja. Aliyemtuma kipofu. Hata Wababeli walishamhukumu kaka yangu kabla hajazaliwa. Baraza lilipangwa kesho yake, nikarudi nyumbani kwa mama kufungua begi, nitoe lile jiwe jeupe nilisafishe, nikijua kesho nitapata pa kuliweka.

Kaka ana mtoto wa mwisho, msichana. Alizaliwa mwaka ule mwanangu alipozikwa, wakampa jina la marehemu, ndivyo kwetu tunavyofanya ili jina lisipotee. Nilikuwa simjui ila kwa simu. Akaingia akanikuta jiwe liko mapajani. Alikuwa ndiyo kwanza anajua kusoma. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma polepole mpaka mwisho, uso ukafunguka.

"Shangazi, umeniletea mimi?"

Nikaanza kutafuta leso yangu.

"Nitaliweka mlangoni," akasema. "Watu wajue nakaa hapa."

Nikalifunika kwa leso upesi, nikamwambia si lake, la kwake nitalileta siku nyingine, aende akamletee bibi maji. Alikwenda akiwa amenuna kidogo, kama watoto wanavyonuna. Nikabaki na mama. Yeye hakuona, lakini alisikia yote, na nilimwona amegeuza uso kuelekea mlango alikotokea mtoto.

"Mama," nikamwambia, "kesho usiape."

"Na mwanao?"

"Kizazi cha kaka ni huyu. Unataka tumzike wa jina hilo mara mbili?"

Mama akalia siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. Alilia kwa sauti, na kaka, aliyekuwa uani anapasua kuni, aliacha shoka. Alijua tunalia nini. Hakuingia ndani. Kesho yake nilisimama mbele ya wazee nikasema sina kesi, na wakaona ajabu mwanamke kutoka Arabuni kote huko kuja kusema hana kesi. Kaka akanisindikiza stendi, akabeba begi, akafungua mdomo mara kadhaa. Nikamwambia asiseme. Sijamsamehe. Nilimwachia tu mtoto wake.

Lile jiwe nilirudi nalo. Sikuwa na pa kulisimika, na kumwachia mama ni kumwachia msichana alione tena. Dereva alinipokea uwanja wa ndege wa Jeddah, akanyanyua begi, akaguna.

"Mathe, unaenda na jiwe unarudi na jiwe?"

Aliniona uso, akanyamaza mpaka Nuzha. Simdharau mtu anayejua kunyamaza wakati wake, nilimpikia chapati wiki hiyo.

Sasa mawe yote mawili yako chumbani kwa madam, karibu na dirisha. Yeye hanijui tena kwa uhakika. Siku nyingine mimi ni dada yake, siku nyingine mwanafunzi wake mvivu. Lakini baada ya chai ya alasiri hupenda kupelekwa pale kwenye kiti, akapapasa zile picha kwa vidole, na kila siku huniuliza upya, kana kwamba hajawahi kuliona.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba, madam. Na huyu ni binti yake."

"Anampeleka wapi?"

"Anampa shamba."

Jana mkono wake ukashuka kwenye lile jeupe. Akapitisha kidole juu ya herufi asizoweza kuzisoma, moja moja, mpaka kwenye ua.

"Na hili?"

"Ni la yule binti."

Akafikiri. Kwenye paji lake la uso ikaja ile mikunjo ya zamani, ya mwalimu anayetaka jibu kamili.

"Lile shamba," akasema, "walimnyang'anya?"

Nilimfunika miguu kwa blanketi, lile lile la safari ya Riyadh, nikachomeka pembe zake chini ya mto.

"Hapana, madam," nikamwambia. "Bado yumo."